Askari anayeomba msaada asipoteze kazi wala heshima: tuzungumze kuhusu kuzuia kujiua miongoni mwa wanajeshi wetu

Mwana wa Isevya (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, naomba tuzungumze kwa utulivu jambo ambalo hapa Tabora hunong'onwa misibani na kisha huachwa hukohuko makaburini. Nazungumzia askari wetu, walio kazini na waliostaafu, wanaofikia hatua ya kutaka kujitoa uhai, na hasa kile kinachowazuia kusema mapema. Mimi ni afisa ustawi wa jamii, ninaishi mtaa mmoja na familia nyingi za wanajeshi, na kazi yangu imenipa nafasi ya kuwasikiliza wao, wake zao na mama zao. Sitataja kikosi wala mtu, na ninawaomba nanyi msitaje. Ninawaomba pia tusielezane namna mtu fulani alivyojiua, kwa sababu Shirika la Afya Duniani limevionya vyombo vya habari mara nyingi kwamba maelezo ya aina hiyo yanaweza kumsukuma mtu ambaye tayari amezidiwa.

Kila mwaka zaidi ya watu 720,000 duniani hufa kwa kujiua, na asilimia 73 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa upande wa majeshi, Marekani ni miongoni mwa nchi zinazoziweka takwimu zake hadharani. Mwaka 2021 utafiti uliotolewa na mradi wa Chuo Kikuu cha Brown ulikadiria kwamba askari 30,177 waliotumikia baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, wakiwamo waliokwisha kuacha jeshi, walikuwa wamejiua, ilhali waliouawa katika operesheni za kivita za kipindi hicho walikuwa 7,057. Siyaleti mahesabu hayo kana kwamba ni yetu. Nayaleta kwa sababu wenzetu wamelazimika kujiuliza swali ambalo nasi tunapaswa kujiuliza: mtu aliyefundishwa kuita msaada kwa redio anapozidiwa na adui, kwa nini anyamaze anapozidiwa na mawazo?

Jibu ninalolisikia kila mara ni kwamba anapiga hesabu. Akisema halali usiku na kwamba ameanza kutamani kufa, anaona silaha ikichukuliwa mbele ya wenzake, jina likiondolewa kwenye orodha ya wanaokwenda misheni za kulinda amani nje ya nchi, kozi ya kupanda cheo ikipita, na minong'ono ikimfuata hadi kwa wakwe zake Sikonge. Fedha za misheni ndizo zinazomalizia nyumba na kusomesha wadogo zake, kwa hiyo hofu yake si ya kitoto. Maadamu kuomba msaada kunamgharimu askari kazi, semina na mabango havitamfikia, na hilo ndilo ninalotaka tulijadili.

Mama wa Watatu

Ahsante sana, kaka, kwa kulifungua jambo hili. Mimi ni mke wa askari aliyekwenda Kongo kulinda amani, na alikuwa na marafiki miongoni mwa walinda amani 15 wa Tanzania waliouawa Semuliki tarehe 7 Desemba 2017.

Mliokulia Tabora mnaujua msimu wa maembe. Usiku embe lililoiva huangukia bati kwa kishindo, na asubuhi watoto hukimbilia nje kuokota. Mume wangu aliporudi, kila embe lilipoanguka alikuwa ameshalala kifudifudi sakafuni kabla mimi sijafumbua macho, akipapasa pembeni mahali ambapo silaha ingekuwa kama angekuwa bado kule. Baada ya hapo alikaa sebuleni bila kuwasha taa hadi adhana ya alfajiri. Kulipokucha alipiga pasi sare yake, akang'arisha buti na kwenda kazini, na huko kila mtu alimsifu kuwa ni askari safi.

Kilichonitisha zaidi hakikuwa usiku. Siku moja mchana alinionyesha mahali alipoweka hati ya kiwanja, akanitajia namba ya siri ya benki, akaniambia mtoto wetu wa kwanza asiache shule hata iweje, na aliyasema yote kwa utulivu ambao sikuwa nimeuona kwake kwa miezi mingi. Ndugu zake walimwambia ajikaze kiume. Mchungaji alitutaka tufunge na kuomba, nasi tulifunga, na sijutii. Lakini aliyemfikia ni sajenti wake, ambaye alikuja nyumbani jioni akiwa amevaa kiraia, akala nasi, kisha akamwuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama amefikia kufikiria kujiua. Mume wangu alinyamaza kwa muda mrefu, halafu akasema ndiyo. Sajenti hakushtuka wala hakumkemea. Kesho yake walikwenda hospitali pamoja, akamsubiri, wakarudi pamoja.

Leo mume wangu anaendelea na matibabu, analala, na yuko kazini. Hata hivyo kuna kidonda kimoja hakijapona. Wakati ule hakupangiwa lindo, na habari zikaenea kota nzima, hata mwanamke mmoja akaniuliza bombani, mbele ya watu, kama mzee wangu ameshapona wazimu.

Mzee wa Ng'ambo

Nawasalimu wote. Nililitumikia jeshi tangu kabla ya Vita vya Kagera, na nilistaafu nikiwa sajinimeja wa kombania. Kampala ilipoanguka Aprili 1979 tulirudi tukapokewa kwa ngoma na nderemo, na ilikuwa haki yetu, lakini sikumbuki mtu aliyetuuliza kama tunapata usingizi. Tulijitibu kwa pombe, na pombe iliwamaliza wengine polepole huku majirani wakiita ulevi tu. Kwa hiyo binti yangu, Mama wa Watatu, nakuelewa kuliko unavyodhani, na huyo sajenti amefanya kazi ya cheo chake.

Nampinga mwanzisha uzi kwa jambo moja. Mtu aliyekata tamaa huwezi kumkabidhi risasi na kumpeleka lindo la usiku peke yake, kwa ajili yake mwenyewe na kwa ajili ya wenzake. Silaha lazima iondoke kwake. Ukimwahidi askari kwamba akisema hakuna kitakachobadilika, unamdanganya, na askari akidanganywa mara moja na mkubwa wake hamwamini tena.

Mwana wa Isevya

Shikamoo, mzee wangu. Katika hilo nakubaliana nawe kabisa, na ushahidi uko upande wako. Mwaka 2006 jeshi la Israel lilibadili utaratibu wake ili askari vijana wengi wanaokwenda nyumbani mwisho wa wiki waache silaha kikosini. Watafiti waliofuatilia walikuta kwamba kujiua miongoni mwa askari hao kulipungua kwa takriban asilimia 40, na upungufu huo ulionekana hasa katika siku za mwisho wa wiki. Mara nyingi wimbi kali la kutaka kufa huja na kupita kwa muda mfupi, na mtu aliyetengwa na kitu cha hatari katika saa hizo huwa na nafasi nzuri ya kuishi.

Angalia lakini namna walivyofanya, maana hapo ndipo ilipo hoja yangu. Utaratibu ule haukuwa wa mgonjwa mmoja aliyenyooshewa kidole. Ulikuwa wa kundi zima, mzima na asiye mzima. Hakuna jirani aliyeweza kuuliza kwa nini fulani amerudi bila bunduki, kwa sababu wenzake wote walirudi bila bunduki. Jambo likifanywa kwa wote halimwaibishi mtu. Ndivyo ambavyo ningependa kila askari anayetoka misheni apitie kwa daktari au mshauri, alalamike asilalamike, cheo chochote, na akaitwe tena baada ya miezi kadhaa, kwa kuwa wengine huanza kusumbuka baadaye, shamrashamra za kurudi zikishakwisha.

Mfano wa pili ni wa Jeshi la Anga la Marekani, ambalo mwaka 1996 lilianzisha mpango wa jeshi zima. Mkuu wa jeshi hilo aliwaandikia makamanda akiwataka wawahimize askari kuomba msaada mapema, na askari anayechunguzwa kwa kosa, akionekana yuko hatarini, alipewa ulinzi ili anayomweleza mshauri yasigeuzwe kuwa ushahidi wa kumwadhibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba hatari ya kujiua ilikuwa imepungua kwa asilimia 33 ikilinganishwa na miaka ya kabla ya mpango. Baadaye watafiti waliona kuwa mwaka 2004 vifo viliongezeka tena, na ndio mwaka ambao mpango ulikuwa umetekelezwa kwa ulegevu. Suala la uchunguzi nalisisitiza kwa sababu hapa kwetu askari aliyepatikana na kosa la nidhamu hutengwa na wenzake mara moja, kila mtu akiogopa kuhusishwa naye, na hizo ndizo siku anazohitaji mtu wa kukaa naye.

Wa tatu ni sheria ya Marekani ya mwaka 2021 iliyopewa jina la Brandon Caserta, baharia kijana aliyejiua mwaka 2018, na ambaye wazazi wake waliipigania. Chini ya sheria hiyo askari anaweza kumwomba mkubwa wake apelekwe kupimwa afya ya akili bila kulazimika kueleza sababu, na mkubwa anatakiwa kumpeleka haraka na kulinda faragha yake. Haikuondoa mamlaka ya kamanda. Iliondoa ule ulazima wa kusimama mbele ya mkubwa na kujieleza, ambao kwa askari wengi ndio mgumu kuliko safari yenyewe ya hospitali.

Mzee wa Ng'ambo

Marahaba, kijana wangu. Hapo umenifikia. Nami niongeze jambo ambalo halihitaji sheria. Daftari la zamu liko mikononi mwa sajinimeja. Nilipokuwa napanga zamu, sikuwahi kuandika kwa nini fulani amewekwa stoo au jikoni juma hili, kwa sababu kazi za kambini ni nyingi na watu huzungushwa kila mara. Nilimwita mhusika, nikamweleza mwenyewe sababu na muda, na nikamwahidi siku ya kurudi. Wenzake waliona tu jina lake limeandikwa stoo. Maneno yanayofika bombani hayatoki daftarini. Hutoka kwenye mdomo wa mtu mwenye cheo asiyejua kunyamaza. Wakubwa wa vikosi wanaosoma hapa walitazame hilo.

Muuguzi wa Ziwani

Habari zenu. Niko Kigoma, na kazi yangu ni uuguzi wa afya ya akili. Nachangia mambo mawili.

La kwanza ni dhana kwamba tatizo hili ni la waliokwenda vitani. Mama wa Watatu ameeleza vizuri hali ya mumewe, na wapo wengi kama yeye. Lakini utafiti mkubwa wa wanajeshi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013, uliowafuatilia zaidi ya watu 150,000, haukukuta kwamba kupelekwa vitani peke yake kunaongeza hatari ya kujiua. Vilivyohusiana na hatari hiyo vilikuwa sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha), ugonjwa wa kubadilika-badilika kwa hisia na matatizo ya pombe. Yanayolingana na hayo nayaona huku. Askari anayeingia chumbani kwangu huanza kwa kulalamikia kichwa au mgongo, na nikimpa muda husimulia ndoa iliyovunjika akiwa mbali, au mikopo ya kausha damu iliyomeza mshahara hadi akaanza kukopa huku ili alipe kule. Wapo pia vijana waliomaliza mkataba wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) wakarudi kijijini bila ajira waliyoitarajia, na hao hata kikosi cha kuwaulizia hawana tena.

La pili ni swali lenyewe. Watu wengi huogopa kutamka neno kujiua wakidhani watamtia mtu wazo hilo. Utafiti hauonyeshi hivyo. Aliyeulizwa kwa upendo na waziwazi mara nyingi hupata nafuu, kwa kuwa hatimaye mzigo umeonekana. Uliza kama yule sajenti alivyouliza: "Ndugu yangu, naona hali yako imebadilika. Je, umefikia kufikiria kujiua?" Usiulize kwa namna inayomwelekeza kukana, kama vile "Wewe si huwezi kufanya ujinga huo?" Akisema ndiyo, usianze kuhubiri wala kumhesabia watoto wake. Msikilize, mwulize kama ameshapanga lolote, usimwache peke yake, na umpeleke mwenyewe mahali pa matibabu. Silaha, dawa na sumu za shambani viwekwe mbali naye na mtu mwingine.

Sonona inatibika, na nayasema haya nikiwa nimewaona watu wakiletwa wameshikiliwa na ndugu, kisha baada ya miezi wakija kliniki wenyewe kwa miguu yao. Dawa nyingi za sonona huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, kwa hiyo mtu asiziache baada ya siku chache akidhani hazimfai.

Kijana wa Cheyo

Wakubwa zangu, shikamooni. Nina swali la kisheria. Nasikia anayejaribu kujiua anashtakiwa. Je, askari akikiri hospitali kwamba ana mawazo hayo, si anajipeleka mwenyewe polisi?

Wakili wa Nyanda

Kijana, swali lako ni la msingi, maana hofu hiyo imewafungia wengi ndani. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Kinazungumzia jaribio. Kuwa na mawazo ya kufa na kumweleza daktari, muuguzi, padri au shehe si kosa, na kwenda hospitali kabla ya lolote kutokea ndiyo njia ya kuwa mbali na kifungu hicho. Tunayo pia Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, inayoweka utaratibu wa kumtunza na kumtibu mtu mwenye ugonjwa wa akili.

Maoni yangu ni kwamba kifungu cha 217 kimepitwa na wakati, kwa sababu kinamtishia mtu aliyenusurika badala ya kumrudisha kwenye matibabu. Ghana ilifuta kosa hilo mwaka 2023. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria yao, kinachofanana na chetu, kinakwenda kinyume na katiba. Ningependa Bunge letu lilitazame jambo hili, na wanaofanya kazi ya ustawi wa jamii walipeleke huko kwa maandishi.

Mdogo Mtu wa Kasulu

Samahani nawakatiza. Nimesoma uzi huu wote mikono ikinitetemeka. Kaka yangu amestaafu jeshi, anaishi Ujiji peke yake tangu shemeji aondoke, na kiinua mgongo kimeishia kwenye madeni. Jioni hii amempigia mama kumwomba radhi kwa mambo ya zamani sana, na mchana alimpa kijana wa jirani baiskeli yake. Mimi niko Kasulu. Nifanye nini?

Muuguzi wa Ziwani

Dada au kaka, umefanya vyema kuuliza. Usisubiri asubuhi. Kwanza mpigie jirani unayemwamini, huyohuyo mzazi wa kijana aliyepewa baiskeli anafaa, umwombe aende sasa hivi na akae naye chumba kimoja, asimwache hata akiambiwa kwamba kila kitu kiko sawa. Akumbuke kuondoa kimyakimya vitu vya hatari. Wakati jirani yuko njiani, mpigie kaka yako wewe mwenyewe. Mwambie mama amekueleza, na kwamba una wasiwasi kwa sababu unampenda, kisha mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Usimgombeze kuhusu madeni. Zungumza naye hadi jirani afike.

Mwana wa Isevya

Naongezea kwa haraka. Akikubali, jirani ampeleke Hospitali ya Maweni usiku huu, upande wa dharura, asimwache aende na bodaboda peke yake. Namba 199 ya Wizara ya Afya ni ya bure na unaweza kuitumia kupata mwongozo. Akikataa kutoka na hali ikazidi kuwa ya hatari, piga 112. Kama kuna mstaafu mwenzake Ujiji waliyetumikia naye, mwombe naye aende, maana wengine humsikiliza waliyevaa naye sare kuliko ndugu wa damu.

Mdogo Mtu wa Kasulu

Jirani ameshafika, yuko naye. Nimemwuliza kama mlivyoelekeza. Amelia, akasema ndiyo. Amekubali kwenda iwapo jirani atabaki naye hadi nifike. Natafuta usafiri wa alfajiri.

Muuguzi wa Ziwani

Mshukuru jirani kwa niaba yetu. Mwambie wakifika mapokezi asiseme tu kwamba mgonjwa ana mawazo mengi au presha, kwa sababu atapangiwa foleni ya kawaida. Aseme wazi: "Huyu ana mpango wa kujiua, anahitaji kuonwa sasa na asiachwe peke yake." Wakimpa dawa za kwenda nazo nyumbani, zishikwe na jirani kisha na wewe. Ukifika, kabla ya kuruhusiwa, hakikisha mmepewa tarehe ya kliniki iliyo karibu, ndani ya siku chache, kwani siku za mwanzo baada ya kutoka hospitali ndizo za kuangaliwa sana. Habari ya madeni iacheni hadi apate usingizi, halafu mje hapa mtueleze ni ya aina gani, tuwatafutie mtu wa kukaa nanyi kuyapanga.